Kisu Kilichokosa Mrithi

Mtu anayekaa peke yake anajua kila kitu chake kilipo. Jioni ile Avelina aliporudi kutoka shambani, ukungu wa Mbuji ukiwa umeshafunika kilima chote, alikuta sahani yake ya bati juu ya benchi, nje ya mlango. Asubuhi alikuwa ameiacha ndani, na mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Kwenye sahani kulikuwa na muwa uliomenywa, umekatwa vipande vidogo vidogo, mafundo yote yametolewa.

Alisimama na jembe begani. Meno yake ya pembeni yalikwisha ng'oka zamani, fundo la muwa hakuliweza tena. Aliyelijua jambo hilo na kulijali alikuwa mtu mmoja tu, mumewe Tarsisi, na Tarsisi alikuwa amelala pale chini ya mikahawa, saruji ya kaburi bado mpya.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akavuta sanduku la nguo, akafunua khanga moja moja hadi chini kabisa. Kisu cha Tarsisi kilikuwepo. Alikifungua, kikalia tak kama kawaida yake, akapitisha kidole kwenye bapa. Lilikuwa limelowa. Akakionja kidole, akakuta utamu wa muwa.

Kisu hicho kilikuwa na habari yake. Tarsisi alikuwa mtu wa ziwani, wa Liuli, aliyepanda milimani akiwa kijana kuchuma kahawa za watu. Akamwona Avelina, safari ya kurudi ikaishia hapo. Mfukoni alikuja na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, alichorithi kwa baba yake, na baba yake alikirithi kwa babu. Katika ukoo wao mwanamume hatembei bila kisu mfukoni. Kule ziwani ni cha kukatia uzi wa nyavu na kupasulia samaki, huku milimani Tarsisi alikifanya cha kumenyea mkewe matunda. Mwenye kisu akifa, siku ya kumaliza matanga mjane humkabidhi mwanawe mbele ya watu. Mtoto hukata nacho chakula, akamlisha mama yake kwa mkono. Mama akishameza, basi, kisu kimehama, na kiti cha marehemu kimehama nacho, na sauti yake ndani ya nyumba.

Siku ya matanga ya Tarsisi mtoto wao wa pekee, Adrian, dereva wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, aliuliza mbele ya wazee.

"Mama, kisu cha baba kiko wapi?"

"Sikioni, mwanangu. Labda tumemzika nacho kwenye koti."

Uongo mtupu. Kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la khanga yake saa ile ile. Wala hakukificha kwa uchoyo. Mpini ulikuwa bado unanuka tumbaku na maganda ya machungwa, unanuka Tarsisi, na Avelina hakuona kwa nini kitu cha mwisho chenye harufu ya mume wake kiende kushinda kwenye vumbi la makaa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Kila jioni alikitoa, akakifungua na kukifunga, apate kusikia tu mlio aliouzoea.

Kwa hiyo alipoonja utamu ule hakuogopa. Alifurahi, tuseme ukweli. Alitoka nje, akakaa upande wake wa benchi, akaula muwa wote huku machozi yanamtoka.

"Asante, baba Adrian," aliuambia ukungu.

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye nyumba tupu. Mara chungwa lililomenywa, mara parachichi lililopasuliwa, mara muwa tena. Avelina akaanza kuwahi kutoka shambani. Akaanza kupaka miguu mafuta, akaitoa ile khanga nzuri ya Pasaka. Alikaa kwenye benchi akala na kusimulia: buni zinavyoiva, mbuzi wa jirani walivyoshuka kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, wakamaliza maharage. Hakuna aliyemjibu, lakini nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alisikia kisu kikifunguliwa na kufungwa. Kilimtosha hicho.

Kitu kimoja alikisikia akakipuuza. Harufu ya tumbaku ilikuwa inaondoka kwenye mpini, na mahali pake pakaja harufu ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa wakanyeshewa kabla hawajakauka, na ya matope, na ya majani ya maji yaliyooza. Kutoka Mbuji hadi ziwani ni mwendo wa kushuka milima na milima. Harufu ya ziwa haipandi huko. Avelina akajiambia, mume wangu ni mtu wa ziwani, mlitaka anuke nini?

Jirani yake Bonifasia ndiye aliyemtia ubaridi wa kwanza. Walikutana kisimani, na Bonifasia akasogea karibu, akanong'ona.

"Dada, umepata mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Jana nimepita kwako nikamwona mwanamume kwenye benchi, amenipa mgongo, anamenya. Nikamwamkia, hakuitika. Nikasema labda hasikii. Lakini dada, nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji, na mvua hainyeshi sasa."

"Fundi huyo," alisema Avelina, akajitwisha ndoo kabla haijajaa.

Jioni hiyo hakuwa na hamu ya kula. Aliitazama sahani, akaisukuma pembeni, na ndipo kwa mara ya kwanza, kutoka upande wa pili wa benchi ambako macho yake yaliona ukungu mtupu, sauti ikasema, "Kula."

Ilikuwa sauti ya Tarsisi, hata ule mkwaruzo wake. Lakini Tarsisi katika ndoa yao yote hakuwahi kumwamrisha kula. Angesema, jaribu hiki, mama Adrian, angalia kilivyo kitamu. Avelina akachukua kipande. Kilikuwa na fundo. Akakitafuna hivyo hivyo hadi ufizi ukatoka damu, kwa sababu alihisi kuwa anatazamwa mdomoni.

Kesho yake Adrian alipiga simu, sauti yake ikiwa chini kama ya mtu aliyejificha.

"Mama, shikamoo. Baba ananiita."

"Unasema nini?"

"Ananiita nikiwa barabarani, kwenye ukungu. Anagonga mlango wa gari kwa mpini wa kisu, mimi ninaujua ule mlio. Anasema, mwanangu, teremka. Ananuka samaki, mama. Jana niliteremka."

"Ukateremka ukamwona?"

"Mama, gari lilikuwa linatembea."

Bega la Adrian lilikuwa limeteguka. Lori lilikuwa limesimama lenyewe kwenye tuta la udongo, wenzake wakasema ana bahati. Avelina alikaa chini sakafuni, simu sikioni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango huyo anayemwita. Alipopata nguvu akampigia wifi yake, Notburga, dada mkubwa wa Tarsisi, mganga anayejulikana pwani yote ya Liuli, akamwambia kila kitu bila kuficha.

Notburga alipanda milima, akampitia Adrian, wakafika Mbuji mchana ambao haukuwa na jua. Mama huyo mzee hakuketi. Alikinusa kisu, akakirudisha mezani haraka.

"Ulikula, wifi?"

"Nilikula."

"Kwa mkono wako mwenyewe? Ukameza?"

"Kila siku."

Notburga akashika kichwa. "Basi umekabidhi. Amekata kwa kisu cha ukoo, amekulisha, umemeza. Kisu ni chake na kiti ni chake. Huyo si ndugu yangu. Ni jini la ziwani, linakaa pale kwenye mawe wanapopasulia samaki, linanusa visu vilivyokosa mwenyewe. Sasa limekuwa baba mwenye nyumba, na baba ana haki ya kumwita mwanawe. Litamwita mpaka aende."

"Shangazi, tukitupe," alisema Adrian.

"Ukitupe wapi? Ziwani kwake?" Akamgeukia Avelina, akapunguza sauti. "Namna ya kumnyang'anya haipo. Mpaka akabidhi kama alivyokabidhiwa. Mtu wa nyumba hii akate kwa kisu hicho, amlishe kwa mkono, na yeye ameze. Adrian nisingethubutu kumtuma, ndiye anayetafutwa. Ni wewe, wifi. Atasema maneno. Mkono wako usirudi nyuma."

Saa ya jioni ilipofika Notburga alimfungia Adrian ndani, akakaa mgongo wake kwenye mlango, rozari mkononi. Avelina alitoka peke yake na kisu na muwa mmoja. Akakaa upande wake wa benchi. Ukungu ulipanda kutoka kwenye mashimo ya ngoro, ukameza mikahawa, ukameza kaburi, ukafika miguuni pake ukiwa wa baridi na umelowa, na pamoja nao ile harufu ya samaki na matope ikaja nzito kiasi kwamba aliisikia kooni, kisha benchi likalalamika kama linavyolalamika mtu mzito anapoketi, na upande wa pili matone ya maji yakaanza kudondoka ardhini, polepole, yakifuatana.

Hakugeuza shingo. Akamenya. Mikono yake haikuwa hodari kwa kazi hiyo, miaka yote alikuwa amemenyewa. Akakata kipande, akakinyoosha pembeni gizagizani bila kutazama anakipeleka wapi, na vidole vyake vikagusa mdomo, midomo laini yenye baridi kama nyama ya samaki aliyekaa majini, ambayo haikufunguka.

"Mama Adrian," ilisema sauti ile, na safari hii haikuamrisha, ilikuwa ya upole, ilikuwa ya Tarsisi kabisa. "Nikiondoka, wewe utakaa na nani?"

Swali hilo halikuwa la uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Avelina aliziona jioni zote zitakazokuja, zimepangwa mbele yake hadi kufa kwake, sufuria dogo, mlango unaofungwa kwa ndani, kilima kizima hakuna anayemwita jina, na mkono wake ukaanza kurudi, akauona unarudi, wala hakuwa na hakika kwamba anataka kuuzuia, na angeurudisha wote kama Adrian hangekohoa huko ndani, kikohozi kile kikavu cha vumbi la makaa. Akakisukuma kipande kati ya ile midomo, na vidole vyake nyuma yake.

"Kula," alisema.

Kitu kikatafuna. Kilitafuna muda mrefu, kikameza kwa sauti, na benchi likainuka. Hatua zenye maji zilishuka kati ya mikahawa, zikapita kaburi bila kusimama. Avelina alibaki akilia kwa kwikwi, na hangeweza kumwambia mtu yeyote kuwa sehemu ya kilio kile ilikuwa ya kuachwa.

Asubuhi walifanya kama ilivyotakiwa kufanywa siku ya matanga. Avelina alimpa Adrian kisu mbele ya shangazi yake, Adrian akakata parachichi, akamlisha mama yake, mama akameza. Kisha akakitia mfukoni, akakipapasa kidogo, jinsi baba yake alivyozoea kufanya.

"Twende Ngaka, mama. Chumba ni kidogo lakini tutabanana."

"Buni zimeiva, baba. Nani atachuma?"

Notburga alimvuta pembeni kabla ya kuondoka. "Mtoto amepona, huyo jini hawezi kumgusa tena. Anayebaki kutafutwa ni wewe. Hana kisu wala kiti, kuingia hawezi mpaka aitwe. Atabisha hodi. Usimkaribishe, wifi. Nakuomba."

Alibisha hodi jioni ile ile. "Hodi, mama Adrian," kwa adabu, kama mtu aliyechelewa kidogo kutoka matembezini. Avelina alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri husema karibu kabla hajafikiri. Jioni iliyofuata alibisha tena, na iliyofuata. Msimu wa kahawa ukapita hivyo. Adrian alipiga simu Jumapili, akasema analala vizuri, anaendesha vizuri, amepata mchumba. Avelina akafurahi kwa moyo wote, simu ikakatika, nyumba ikanyamaza.

Akaanza kuisubiri saa ya hodi. Hakuitika, la. Alisogeza kigoda tu karibu na mlango.

Halafu ikaja jioni ambayo hakuna aliyebisha. Ukungu ulikuwepo, giza likaingia, uji ukapoa. Avelina alikaa mikono imelala mapajani, hapakuwa na sababu ya kuziba mdomo. Akasikiliza migomba. Akasikiliza barabara. Kilima kizima hakikuwa na sauti ya mtu.

Akainuka, akafungua komeo, akasimama kizingitini.

"Mbona leo hujabisha?" aliuliza.

Akasogea kando kidogo, kuacha nafasi ya mtu kupita.

"Karibu," alisema Avelina. "Karibu ndani, kuna baridi."