Programu ya Yasinta na Mbuzi wa Athuman

Kila Jumatano baada ya vipindi, wanafunzi wa klabu ya kompyuta katika shule moja ya Nkuhungu hugombea viti vilivyo karibu na soketi. Jumatano moja Yasinta wa darasa la sita aliwahi, huku amejaa furaha. Mwalimu Hilda, msimamizi wa klabu, alikuwa amemchagua kwenda na programu yake kwenye mashindano ya shule huko Ihumwa, na majina yangepelekwa jioni hiyo hiyo.

Programu yake ilipokea hesabu ya kawaida na kuipanga upya, kila alama nyuma ya namba zake, ili kompyuta isihitaji mabano. Ukiandika 2 + 3 × 4, ilipanga 2 3 4 × +, kisha ikatoa jibu, 14. Kila alama aliipa cheo chake kwa kufuata MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nani asiyeijua MAGAZIJUTO?

“Hebu niijaribu,” alisema Athuman, rafiki yake aliyehamia kutoka Chemba. “Tulikuwa na mbuzi kumi. Tukauza wanne, wakazaliwa watatu.” Akaandika 10 − 4 + 3.

Kompyuta ikajibu 3.

“Kumbe sita wameliwa na fisi,” Athuman alicheka.

Yasinta hakucheka. Programu ilikuwa imejumlisha 4 na 3 kwanza, ndipo ikatoa. Akisema, huenda jina lake likafutwa. Akinyamaza, nani angejua zaidi ya Athuman? Aliogopa sana, lakini akaenda ofisini.

“Shikamoo, mwalimu. Programu yangu ina kosa.”

“Marahaba. Twende nikalione.”

Mwalimu Hilda alitazama, akatikisa kichwa. “Hata mimi sikulipima hili. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Kuzidisha na kugawanya vilevile. Vyeo vikilingana, alama ya kushoto hutangulia. Una nusu saa kabla sijapeleka majina.”

Vidole vya Yasinta vilikimbia. Akasawazisha vyeo, akaandika hesabu tena. Ikatokea 10 4 − 3 +, na jibu 9. Klabu nzima ilipiga makofi.

“Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema Mwalimu Hilda. “Ungelificha kosa hili, majaji wangelikuta mbele ya shule zote. Umelitaja mwenyewe, ndiyo maana limepona. Nenda Ihumwa. Na Athuman aende nawe, maana kazi nzuri huhitaji mtu wa kuijaribu bila huruma.”