Nkungu Kwenye Jeki

"Nyanyua tena. Taratibu," alisema Inspekta Pankras Hyera.

Koplo Victor aliulalia mtaimbo. Landrova kuukuu ikainuka kidogo, vipande vya kutu vikidondoka kama magamba ya samaki. Chini yake alilala chali Mzee Hamphrey, fundi wa Liuli, ekseli ikiwa juu ya kifua chake.

Walipomvuta nje, honi ya gari ikalia yenyewe. Sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeita kutoka mbali. Watu waliojaa uani wakarudi nyuma.

"Nyaya zimegusana," alisema Inspekta. Hata hivyo, alingoja mpaka iliponyamaza ndipo akapiga magoti.

Kisogoni pa marehemu palikuwa na jeraha. Mchanga alipolala ulikuwa laini, hauna jiwe.

Asubuhi hiyo nkungu walikuwa wameingia kijijini, vile vijidudu vinavyopaa juu ya ziwa kama moshi usio na moto. Walikuwa wamenasa kila penye oili, na kila hatua ya polisi iliwasaga kwa mlio mdogo mkavu.

"Ajali, afande," alisema Koplo. "Jeki yenyewe kutu tupu. Imeteleza."

Inspekta aliiokota jeki. Ilikuwa imefupishwa hadi mwisho. Akaanza kuuzungusha mpini wake. Skrubu iliyopakwa oili ikachomoza kidogo kidogo, na kila mfuo wake ulikuwa umejaa nkungu waliopondeka.

"Hee! Wameingiaje humo?"

"Walinasa jeki ikiwa imepanda. Walipokwisha kupita, mtu akaizungusha ikashuka. Jeki ya skrubu huteleza, Koplo. Haijifupishi."

Mwenye gari alikuwa ameketi juu ya tairi, kichwa mikononi. Aliitwa Ignatio, mkwe wa marehemu, mkulima wa Kingerikiti. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, alitaka gari lake litembee tena.

"Nkungu walipoingia ulikuwa wapi?"

"Ndani, na wazee. Tulifunga mlango."

"Walipopita?"

"Mama alibeba kikapu, akaenda kuwakamata kwa kitoweo ufukweni na wenzake. Mzee akarudi kazini."

"Na wewe?"

"Nilikuwa naye. Kidogo tu. Kisha nikaondoka."

"Nani mwingine alibaki?"

Ignatio alirudisha kichwa mikononi.

Inspekta alikwenda karakana, kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba. Mjane, Lidia, alisimama mlangoni, kando ya debe la oili chafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndani ya debe hili mzee aliloweka nini?"

"Spana zake. Alizitupa tangu binti yetu Rosina alipopotea. Juzi ndiyo akazifufua, kwa ajili ya gari la mkwe wake." Akatazama ziwa. "Ignatio alituambia mkewe amekimbilia Malawi na mwanamume. Mpaka leo boti ikitia nanga, nakwenda kuuliza."

Inspekta alikunja mkono wa shati, akauzamisha kwenye oili chafu. Ikatoka spana. Ikatoka patasi. Kisha ikatoka bangili ya shaba, imepinda, kiungo kimeachia.

Lidia aliifuta kwa kanga. Aliifuta muda mrefu.

"Aliifua baba yake, kwa bomba la gari," alisema. "Rosina hakuweza kuivua. Mkono ulikuwa umenenepa."

Inspekta aliipeleka uani, akaishika mbele ya Ignatio. Ignatio hakuitazama bangili. Alilitazama gari.

"Niliitafuta kila mahali humo," alisema.

"Ilikuwa wapi?"

"Mzee alisema aliikuta ndani ya fremu, lakini hakunionyesha. Sakafu ilikuwa imeoza, ikapenya."

"Akakuambia nini tena?"

"Hakupiga kelele. Aliuliza tu, 'Ulisema alipanda boti. Mbona alipanda na gari hili?' Akainama kuchukua spana. Nikampiga nyundo."

"Kisha ukamlaza chini ya gari, ukashusha jeki."

"Ndiyo, afande."

"Rosina?"

"Alisema amechoka na mimi, anarudi kwa wazazi wake. Alikuwa tayari ameketi garini, anataka nimpeleke. Nilimvuta mkono, akashikilia mlango. Nikambana shingo. Nilitaka anyamaze tu. Akanyamaza."

"Kwa nini ulimletea baba yake gari hilo?"

"Mzee alikuja kunitembelea, akaliona bandani. Akasema, 'Lilete, mwanangu, nilifufue.' Mkwe akikuomba, utasemaje hapana?"

Koplo Victor alicheka bila furaha. "Kumkatalia uliona haya. Kumuua hukuona!"

"Yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kwangu. Migombani, nyuma ya banda."

Walifika Kingerikiti jua likiwa linaelekea milimani. Ignatio alionyesha kwa kidole, mikono ikiwa kwenye pingu. Migomba ya mahali pale ilikuwa mirefu kuliko mingine yote, na majani yake yalitikisika ilhali hapakuwa na upepo. Askari walichimba kwa zamu. Udongo ulikuwa mweusi na baridi. Jembe la Koplo liliibua kipande cha kitambaa, rangi yake imeliwa na ardhi.

Akaacha kuchimba. Wote wakaacha.

Inspekta alitazama mwanga uliobaki. Haukutosha, alijua; gizani wangeharibu mifupa, na daktari alikuwa bado hajafika.

"Fungeni kamba kuzunguka. Askari wawili walale hapa. Tutaendelea kukipambazuka."

Lidia, aliyekuja nao, alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ameinyoosha, kiganja chake kikiwa juu ya udongo.

"Mama, twende ukapumzike."

"Nendeni tu, mwanangu. Mimi nitakaa naye." Alishusha sauti, kama mtu aliye chumbani penye mtoto. "Kesho mchimbe polepole. Tangu mdogo, Rosina akishtuliwa usingizini hulia."