Nani Aliita?

Kila asubuhi mimi na Sindano tuligombania kioo kimoja kilichotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyegombania, yeye alingoja. Sindano ni mtoto wa mama mdogo, tumelala chumba kimoja tangu tukiwa wadogo, na jina hilo alipewa kwa wembamba wake. Mimi waliniita Redio. Bibi alizoea kusema, "Huyu akikohoa, mtaa wa pili wanasema pole." Nilichana nywele huku nikisimulia ndoto zangu zote, yeye akafunga kamba za viatu akinisikiliza, kisha tukatoka mbio na glavu zetu kwapani.

Tulikuwa katika timu ya besiboli ya shule. Kocha wetu alikuwa mwashi aliyejenga madarasa mapya nyuma ya uwanja. Aliucheza mchezo huo ujanani, na sote tulimwita Fundi. Kabla ya mazoezi alitupanga mstari tupitishe matofali kwa dakika kumi. Sheria yake ilikuwa moja: usiachie tofali mpaka mwenzako aseme, "Nimeshika."

"Na uwanjani ni hivyo hivyo," alituambia. "Mpira ukija katikati ya watu wawili, wote wakiukimbilia watagongana vichwa. Wote wakingojeana, utaanguka huku wanatazamana kama wakwe. Kwa hiyo mmoja aite 'Wangu!' Mwingine ampishe, aende nyuma yake, ili ukimponyoka mwenzake aukute. Redio, wewe kuita hakutakushinda."

Wenzangu walicheka, na mimi nilijisikia mkubwa.

Jumamosi ile tulicheza fainali na shule jirani. Tuliongoza kwa pointi moja, na wapinzani walibakiza mpigaji mmoja tu. Wenzake wawili walikuwa vituoni, tayari kukimbia. Tukiudaka mpira wake kabla haujagusa chini, mchezo umekwisha na kombe ni letu. Akaupiga juu sana, nao ukaja katikati yangu na Sindano.

Sindano alikuwa tayari chini yake, glavu juu. Angeudaka, nina hakika. Lakini mimi nilitaka watu waseme kwamba Redio ndiye aliyeleta kombe.

"Wangu!" nilipaza sauti.

Papo hapo akashusha glavu, akanipisha. Nikainua uso, jua likanipiga machoni. Niliwaza mpira ukinivunja pua, nikageuza kichwa. Ukaanguka mbele yangu, puu! Sindano aliukimbilia, akauokota na kuurusha, lakini wakimbiaji wote wawili walikuwa wamekwisha kufika. Tukashindwa.

"Sindano! Si ulikuwa chini yake wewe?" alifoka mdakaji wetu, Bonge. "Mbona ulishusha mkono?"

Fundi alikuja taratibu. "Nani aliita?"

Washangiliaji walikuwa wakipiga mabati, kwa hiyo wenzetu waliokuwa mbali hawakusikia kitu. Nilitazama kamba za viatu vyangu. Jibu nililijua, na Sindano alilijua.

"Hakuna aliyeita," nikasema. "Mimi sikuita."

Sindano alinigeukia. Alinitazama kama mtu aliyefika kwao akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Tangu siku hiyo timu nzima ilimwita Sanamu. Nyumbani mama mdogo alituuliza, "Vipi wanangu, mlishindwaje?" Niliinama kuvua viatu. Sindano akajibu, "Mpira ulianguka tu, mama," akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Afadhali angenisema! Nilitamani anitukane, hata anizabe kibao, nijue tumemalizana. Asubuhi alitoka bila kungoja kioo, na mimi sikuwa na hamu ya kujitazama. Bibi aliniuliza kama redio imeisha betri, nikasema kichwa kinauma, nikawa nimeongeza uongo wa pili.

Jumatano nilimwona akimkabidhi Fundi glavu yake. "Nimeacha," alisema. Yeye, aliyerusha mpira ukutani kila jioni mpaka mama mdogo amwite mara tatu! Nilijua ni mimi niliyemtoa kwenye timu. Bado nilinyamaza, na haya ikanila zaidi.

Kesho yake tulikuwa kwenye mstari wa matofali. Bonge akasema "Nimeshika!" kwa mzaha, mikono ikiwa kiunoni. Nikaachia. Tofali likaanguka, nusura linivunje vidole vya mguu. Wengine walicheka. Fundi hakucheka. Alitukalisha chini.

"Nilipokuwa kijana," alisema, "nilikuwa juu ya jukwaa, mwenzangu yuko chini ananipandishia matofali. Nikasema 'nimeshika' huku nawatazama wapita njia. Akaachia, likamwangukia mguuni. Msimamizi alipouliza, nikasema huyo aliachia mapema. Akafukuzwa kazi, na mguu ameufunga bandeji." Alikung'uta vumbi la saruji mikononi. "Nilikaa miaka sita kabla ya kwenda kumwomba radhi. Mpaka leo tukikutana anachechemea, na ananiuliza, 'Habari za kazi, ndugu yangu?' Salamu hiyo inanichoma kuliko tusi."

Nilihesabu siku zangu: tano. Nikasimama.

"Fundi, mimi niliita."

Sauti ilitoka ndogo mpaka Bonge akauliza, "Unasemaje?" Ikabidi niseme tena, kwa nguvu.

"Mimi niliita 'Wangu!' Sindano alinipisha kama tulivyofundishwa. Kisha nikauogopa mpira. Halafu nikadanganya."

Bonge aliinamisha kichwa, maana yeye ndiye aliyeanzisha jina la Sanamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nilikusikia siku ile ile," alisema Fundi. "Sauti yako, mwanangu, hata mabati hayaifuniki. Nilikupa mpaka kesho uniambie mwenyewe. Usingesema, ningesema mimi." Akanipa glavu ya Sindano. "Mpelekee."

Nilimkuta uani akifua. Ndani ya beseni niliiona jezi yangu pamoja na nguo zake, na hapo machozi yakanitoka.

"Nisamehe," nilisema. "Nimewaambia wote ukweli."

Aliikamua jezi yangu. "Mpira kuanguka si kitu. Hata mimi nauangusha. Ulipotazama viatu vyako, hapo ndipo uliponiumiza."

"Utarudi?"

"Nikirudi, halafu ukaita tena, nitajuaje kama ni kweli?"

Nilisimama na glavu mkononi, maji ya povu yakipita miguuni mwangu.

"Hutajua," nilisema. "Lakini nikikosa, nitasema nimekosa."

Akaipokea glavu kwa mikono yenye povu.

Wiki mbili baadaye tulicheza tena na shule ile, mechi ya kirafiki. Katikati ya mchezo mpira ukaruka juu, ukaja pale pale, kati yetu.

"Wangu!" niliita.

Kwa pembe ya jicho nilimwona Sindano akisita. Sikumlaumu, kusita kule nilikutafuta mwenyewe. Kisha akashusha glavu, akapita nyuma yangu. Jua lilinipiga, nikabana macho, lakini uso sikugeuza. Mpira uligonga glavu yangu, ukaruka nje.

"Umeniponyoka!" nilipiga kelele.

Kabla haujagusa chini, mkono mwembamba ulipita ubavuni mwangu.

"Nimeshika!" aliita Sindano, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Mpigaji akatoka. Bonge alikuwa wa kwanza kumkimbilia, akamwita Sindano tena, si Sanamu.

Mchezo ulipokwisha Fundi alituita. "Ukisema 'wangu', mwenzako anaachia kwa sababu anakuamini," alisema. "Usilitoe neno hilo kwa kutaka sifa. Na ukikosa, sema mapema. Mwenzako hawezi kukusaidia kurekebisha kosa ambalo umemficha." Akanigeukia. "Redio, leo nani aliuangusha mpira?"

"Mimi, Fundi!" nilijibu, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Sindano alicheka. Asubuhi iliyofuata tuligombania kioo, na safari hii alinisukuma.