Kofi Nyuma ya Pikapu

Pikapu ya Fabien ilianza kuugua ikiwa tupu, na hilo ndilo lililomchanganya. Juzi tu ilipanda kilima na magunia ya mpunga yaliyopita urefu wa kabini. Leo haina hata kuku, na akikanyaga mafuta inanguruma papo hapo bila kwenda, kama mzee aliyeamshwa na wajukuu. Halafu kulikuwa na ule mlio: pa! Nyuma, kwenye bodi, mara moja, mkavu.

Ingekuwa wakati mwingine angepuuza. Lakini Josiane, mke wake, alikuwa kwa mamaye Kibombo, mimba imefika ukingoni, na uzazi wa kwanza nusura umzike. Daktari wa Kindu alikwisha sema: huyu wa pili atatolewa kwa kisu, si vinginevyo. Gari lisipopona, Josiane hafiki hospitali.

Gédéon fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitia ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza kila upande. Akafungua chujio la mafuta: safi. Akaijaribu pampu: nzima. Akainua magurudumu kwa jeki, akayazungusha, yakazunguka bila kusugua mahali. Ndipo akainama kuangalia springi za nyuma.

"Fabien, ulibeba nini?"

"Hakuna kitu. Angalia mwenyewe, nyuma iko wazi."

"Springi zimelala. Zimelala kabisa."

Wakatoka kulijaribu gari, Gédéon amekaa kando ya dereva. Hawakufika mbali. Pa! Mguu wa Fabien ukaenda wenyewe kwenye breki, maana ndiyo sheria ya barabara zetu: abiria wa nyuma akipiga bodi, dereva husimama, hata hageuki kuuliza ni nani. Gari likasimama. Hakuonekana mtu, ila nyuma ilizama, taratibu, jinsi inavyozama mtu anapopanda, na ndani ya kabini ikaingia harufu ya majani yaliyooza, na matope, na moshi wa nyumba iliyoungua zamani.

"Ulisimama," Gédéon alinong'ona. "Kila mara unasimamaka?"

"Ni mazoea."

"Basi kila mara iko mwenye anapanda. Hii gari ulitoa wapi?"

Fabien alijua, na hakupenda kujua. Aliinunua kwa bei ya vyuma kando ya njia ya Kibombo, ilikokuwa imeotewa na majani tangu miaka ya vita, akaitia injini nyingine. Dereva wake wa zamani alikuwa akikimbia risasi, na watu wakakimbia nyuma yake wakipiga bodi kwa viganja, simama, simama, naye hakusimama. Wale watu walibaki njiani, na hakuna aliyewazika.

Mfa maji hukamata maji. Fabien, mwimbaji wa kwaya, akaenda kwa mwalimu Ayoubu, msomaji wa Kurani aliyesifika kwa kutoa majini. Mwalimu alilifukiza gari ubani, akaliosha kwa maji yaliyosomewa aya, akaweka kiganja juu ya bodi na kukiondoa haraka.

"Wafu hawapandaka gari, mutoto wangu. Hii ni jini. Lilikaa humu miaka yote, likajifunza kupiga kama mukono ya watu. Enda ulete muke wako. Likipiga, usisimame. Hata mara moja."

Huko Kibombo alimkuta Josiane uchungu umekwisha mshika. Kukaa mbele hakuweza. Wakamlaza nyuma juu ya godoro, chini ya turubai, mama yake Bernadette akimpakata kichwa. Fabien akamwinamia mkewe, akamnong'oneza.

"Ukihitaji kitu, uniite jina. Usipige bodi. Unasikia? Jina tu."

Josiane akaitika kwa kichwa. Mama mkwe alikuwa ameugeuza uso pembeni, kama heshima inavyotaka kwao: mama hamwiti mkwe wake jina, hawatazamani, wala mkwe hamwagizi mama. Fabien aliona haya kumweleza habari za majini. Akajiambia kwamba Josiane anatosha.

Mvua ikawakuta njiani. Pa! Fabien akauma meno, akakanyaga mafuta. Pa! Pa! Gari likawa zito, likalia, likajivuta kwenye matope, na makofi yakaongezeka, si kiganja kimoja tena bali viwili, kumi, bodi nzima ikitetemeka nyuma ya mgongo wake, naye akitega sikio asikie jina lake, jina tu, akisikia kila kitu isipokuwa jina, akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti iliyokauka, machozi yakimtoka, akipita vijiji, akipita kituo cha afya, akipita watu waliosimama barazani wakimshangaa, makofi yakimfuata, mpaka ghafla yakakoma.

Na gari likawa jepesi. Likainuka, likakimbia vile halijapata kukimbia tangu alinunue. Fabien akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru na mwalimu.

Mbele ya hospitali alishuka akiwaita wauguzi, akafunua turubai. Josiane alikuwa kimya. Godoro lilikuwa limelowa damu mpaka chini. Bernadette akainua macho, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Fabien," akasema. "Alizimia, hakuweza kuita. Tulipita kituo ya afya, niliona muganga kwa mulango. Nilipiga mpaka mukono ikakufa. Na wao walinisaidia kupiga."

"Wao nani, mama? Mulikuwa wawili tu."

"Tulikuwa wengi. Muzee mumoja alimushika miguu. Wamama walimufunika na manguo yao. Wote walipiga, Fabien. Haukusimama."

Fabien alitazama nyuma ya pikapu.

"Sasa wako wapi?"

"Walishuka pahali alikufia," mama alisema. "Walishuka naye, wanamushika mukono."