Ahadi Ambayo Balthazar Hakuitoa

Jumamosi hiyo duka la Balthazar pale Stafford, kando ya jiji la Houston, Texas, lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kati ya magunia ya unga na majokofu ya samaki, watoto wakidai juisi kwa Kiingereza, mama zao wakiwakatalia kwa Kirundi na Kiswahili. Kathure, muuguzi kutoka Meru, alikuwa ameteremka kutoka Irving, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa harusi ya rafiki yake. Bado alikuwa na gauni lake la rangi ya chungwa lililomkaa vizuri kiunoni, lakini viatu virefu alikuwa amevivua na kuvishika mkononi. Vilikuwa vimemuua.

Alipofika kwenye kaunta aliinua pakiti ya omena, dagaa wakavu wa ziwani. "Kaka yangu, hii si ghali sana? Nipunguzie kidogo."

"Hapana, dada. Bei ni hiyo moja kwa kila mtu."

"Hata kwa mtu aliyetoka Irving miguu peku?"

Mwenye duka aliichungulia miguu yake, akacheka. Alikuwa mwanamume mrefu, mtulivu, shati lake la kijivu halina nembo, mkononi hana saa wala pete. "Huyo naweza kumpa kiti. Bei, hapana." Na kweli akamletea kiti.

"Kwani wewe ni mfanyabiashara wa aina gani?"

"Mimi ni Mkweka, wa Kanisa la Marafiki, kutoka Burundi. Kwetu, ukipandisha bei ili uje uishushe, umeshamdanganya mtu."

"Ala! Kwa hivyo wewe hudanganyi?"

"Najitahidi."

"Basi niambie ukweli. Hili gauni limenipendeza?"

Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika. Balthazar akaona haya, lakini akajibu. "Wewe ndiye uliyelipendeza gauni."

Kathure alirudi Irving na omena, namba ya simu, na tabasamu lililomsumbua kazini wiki nzima.

Mapenzi yao yalilelewa na simu. Kathure akitoka shifti, kabla hata ya kuvua viatu, anampigia.

"Balta, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate! Mtu mwenye duka zima la chakula?"

Polepole alimwelewa. Ghala la nyuma lilijaa magodoro, sufuria na makoti ya familia zilizokuwa zikifika kutoka kambi za wakimbizi, kama yeye mwenyewe alivyofika zamani na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake. Mtu akifiwa, Balthazar ndiye aliyesafirisha maiti. Mgeni akikosa pa kulala, anapewa kitanda cha Balthazar, naye anajinyoosha kwenye kochi.

"Ukinioa utaniweka wapi? Juu ya magodoro?" Kathure alimtania.

"Nitawaomba wageni watupishe."

Kanana, mdogo wake Kathure aliyekuwa akisoma chuo Houston, aliomba kazi pale dukani. Alianza kumwita Balthazar shemeji kabla ya yeyote kutamka neno harusi. "Shem," alikuwa akimwambia mbele ya wateja, "vitanda gawa vyote, lakini cha dada yangu ukiache!"

Alhamisi moja mchana kijana anayeitwa Brandon aliingia na bastola. Balthazar alifungua droo ya pesa, akamwambia achukue zote. Wakati huohuo Kanana akatokea ghalani amebeba katoni ya juisi, hajui lolote. Kijana alishtuka. Risasi ikatoka.

Kathure alikuwa kazini. Simu ilipotetemeka mfukoni, aliona jina la Balta, akatabasamu.

"Leo umekula nini?"

"Kathure, kaa chini kwanza."

"Balta? Unanitisha."

"Kanana amepigwa risasi. Nilikuwa nimemshika mkono. Ametuacha, Kathure."

Walimzika Meru. Balthazar alisafiri na jeneza, akasimama nyuma ya watu huku mvua ikimnyeshea. Mama yake Kathure alimfuata hukohuko, akamshika mkono na kumwita mwanangu.

Waliporudi Texas, Kathure hakuweza kupokea simu yake. Kila alipoisikia sauti ile, aliisikia ikisema tena maneno yale. Alichosubiri ni kesi. Waendesha mashtaka walikuwa wamemuuliza kuhusu hukumu ya kifo, naye alijibu ndiyo bila kusita. Kisha asubuhi moja wakampigia. Kifo hakitaombwa tena, kijana atakiri kosa na kufungwa maisha. Shahidi wao mkuu, mwenye duka, alikuwa amewaendea mwenyewe kuwasihi wasimuue.

Kathure alichukua gari, akaishika barabara ya Houston bila hata kuwasha redio.

Alimkuta Balthazar mlangoni akimpakilia mchele na mafuta mwanamke mwembamba mwenye sare ya wafanya usafi. Kathure alimtambua. Alikuwa amemwona mahakamani siku kesi ilipotajwa mara ya kwanza, amekaa nyuma ya Brandon, akilia kwenye kiganja. Mwanamke naye akamtambua, akainamisha kichwa, akaingia garini mwake.

"Huyo ni mama yake?"

Angeweza kusema ni mteja. "Ndiye."

"Ulienda kumtetea muuaji bila kuniambia."

"Nilikupigia, hukushika. Lakini ningeweza kuja Irving, na sikuja. Niliogopa ungenikataza, nami ningekusikiliza. Hapo nimekukosea, Kathure. Nisamehe."

"Na kumtetea je?"

"Hilo sijutii."

"Ni mdogo wangu, Balta! Mdogo wangu! Alikuita shemeji!"

Balthazar akamsogelea hatua moja. "Waliomuua baba yangu nao waliuawa. Nilikuwa mtoto, nikapelekwa kutazama. Baba hakurudi."

"Usinifundishe kufiwa," Kathure akasema. Akageuka, akaenda zake.

Majira ya baridi yakapita. Simu ya Balthazar ilikuwa ikiita, yeye anaitazama tu mpaka inyamaze. Mama yake, kila alipopiga kutoka Meru, alimuuliza, "Na yule mwanangu je?" Kathure anabadilisha mazungumzo. Lakini alijikuta akipika chakula cha watu wawili na kumwaga nusu. Siku moja alasiri simu ilipoita, akaishika.

"Njoo," akasema.

Balthazar alikuja Irving amevaa shati jipya la buluu, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Amekonda. Waliketi kwenye ngazi za nje za fleti, ndege zikipita juu yao zikielekea kutua, na Kathure akamtilia chai.

"Nimekukumbuka sana," akamwambia. "Hasira haijaisha, lakini nimechoka kuibeba peke yangu."

"Tuoane, Kathure. Tuibebe wote."

Aliyangoja maneno hayo tangu siku ya gauni la chungwa. Akafumba macho. "Nitakubali. Lakini niahidi kitu kimoja. Yule mama yake Brandon umsaidie huko dukani, sitauliza. Nyumbani kwetu asikanyage. Nisije nikaingia jikoni kwangu nikamkuta."

Balthazar akakiweka kikombe chini kwenye ngazi.

"Siwezi kuahidi."

"Sema tu ndiyo. Nataka kulisikia neno hilo tu."

"Nikisema, utaniamini. Kisha siku moja atagonga hana pa kwenda, nami nitamfungulia."

"Hata kama mimi nitatoka?"

Machozi yalikuwa yakimteremka Balthazar mashavuni. Hakuyafuta. "Hata hivyo."

Kathure akauchukua mkono wake, akaubusu, akaulaza shavuni pake. "Ungejua kudanganya kidogo tu, mpenzi wangu, ningekuwa mke wako."

"Najua."

Walikaa hivyo, bega kwa bega, hadi jua likashuka nyuma ya maegesho. Kisha Balthazar akasimama. Kathure akamnyoosha kola, akamwambia aendeshe polepole, ale chakula cha maana. Alisimama kwenye ngazi hata baada ya gari kukata kona.

Alipoingia ndani simu ilikuwa ikiita. Ni mama.

"Amekuja?"

"Amekuja, Mama."

"Mmepatana?"

"Tumepatana."

"Mungu asifiwe! Basi harusi ni lini, mwanangu?"

Kathure akajiegemeza mlangoni, mkono kifuani.

"Tumepatana, Mama," akasema. "Harusi haipo."