Hodi Niliyopiga kwa Simu

Jioni ile nilikuwa natafuta hoteli ya bei nafuu Makau. Basi. Sikuwa natafuta jingine, na sikumchokoza mtu.

Makau ni ule mji wa makasino, unaufikia kwa basi kutoka hapa Guangzhou kisha unavuka mpaka kwa miguu. Aliyekuwa anasafiri si mimi. Ni Swalha, binti wa dada yangu, aliyekuja kunisaidia kununua nguo soko la jumla la Shisanhang na kuzipakia kwenye kontena. Viza yake ilikuwa ya kuingia China mara mbili, siku thelathini kila mara, na siku ya thelathini ilikuwa kesho. Atoke, alale Makau usiku mmoja, arudi. Asipotoka, atatiwa doa kwenye pasipoti na huku asikanyage tena. Dada yangu alinikabidhi mtoto huyu uwanja wa ndege, mkono kwa mkono, akaniambia, "Bimdogo, nirudishie kama alivyo."

Sasa ipate hoteli. Kesho yenyewe Jumamosi, siku ambayo wacheza kamari wa China nzima wanamiminika Makau na bei zinapanda mara tatu. Hoteli ya kwanza, nilipobonyeza kulipa, bei ikaruka hapo hapo machoni pangu. Ya pili ilikuwa na picha ya dirisha zuri, hadi nilipoyasoma maoni ya waliolala kule, wakasema dirisha lile limechorwa ukutani. Ya tatu walikubali, wakaomba pasipoti. Nikatuma. Walipoiona ya Tanzania wakaandika maneno mawili: mei you. Hakuna chumba. Na kwenye simu vyumba vinne bado vinaonekana! Nilifura. Nililaani hoteli, nikalaani simu, nikailaani na chai yangu iliyopoa mara mbili pale jikoni kwangu, ghorofa ya sita, mtaa wa Sanyuanli.

"Mama mdogo, si nilale tu stendi?" Swalha akasema huku anacheka. Ana sauti nyembamba, tamu, ya kukumaliza hasira.

"Ulale stendi nimjibu nini mama yako?"

Makelele yangu yalimleta Augustin, jirani yetu wa mlango wa pili. Ni Mkongo wa Lubumbashi, amekaa huku miaka kumi na miwili na Kichina anakiongea kuliko wenyewe. Alichukua simu yangu, akapekua, akapiga mahali fulani, akaongea kwa muda.

"Mama Bimdogo, chambre ya kulala iko," akasema. "Ni nyumba ya bibi moja, nyuma ya macasino, juu ya duka ya rehani. Bei iko bien."

Aliponitajia bei, nilidhani amekosea. Ilikuwa nusu ya nusu.

Miaka tisa sokoni imenifunza kutolipia picha. Kiatu, kitambaa, chumba, vyote ni sawa, nionyeshe kwa video. Nikamwambia Augustin amwambie yule bibi atupigie, atutembeze.

Wakati huohuo simu yangu ya pili ikaadhini. Magharibi.

Nikaizima. Nikasema dakika mbili tu, nimalize hili.

Bibi akatokea kwenye kioo cha simu. Mzee, mfupi, ana fungu la funguo shingoni. Akatembea na simu kwenye ukumbi mrefu wenye zulia jekundu na taa moja tu inayowaka. Milango kushoto, milango kulia. Akaenda mpaka wa mwisho kabisa.

Akasimama. Hakufungua.

Akagonga mara tatu. Ko. Ko. Ko. Akangoja, kama anayehesabu moyoni.

"Si chumba kitupu?" nikauliza. "Anamgongea nani?"

"Njo desturi yao," Augustin akasema. "Banagonga kwanza, hata mu chambre yenye haina mutu."

Bibi akatia ufunguo. Mlango ukafunguka taratibu, nikaona giza na ukingo wa kitanda. Na mimi, kwa mazoea tu, na kwa kejeli kidogo maana nilikuwa nimechoka, nikaikaribia simu nikasema kwa nguvu:

"Hodi!"

Bibi akashtuka. Akageuza uso kunitazama kwenye kioo.

Swalha alikuwa amesimama begani kwangu. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Akatabasamu, akafungua mdomo ili aniitikie, kunitania. Midomo yake ilitaja neno. Niliiona ikilitaja.

Lakini sauti haikutoka kwake.

"Karibu..."

Ilitoka kwenye simu. Ndani ya kile chumba. Sauti nyembamba, tamu.

Sauti ya Swalha.

Simu ikazima. Jikoni kwangu kukanuka zulia bichi na sigara za zamani, na hakuna hata mmoja wetu anayevuta. Najua harufu haipiti kwenye simu. Hata hivyo niliinusa, na Augustin naye alikuwa ameziba pua.

"Umefanyaje hivyo?" nikamgeukia Swalha kwa ukali. "Acha michezo wakati wa magharibi!"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akashika koo. Akafungua tena, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamlenga.

Hakuna kitu. Hata alipokohoa, kikohozi hakikuwa na mlio.

Nikampa tangawizi. Nikampa asali. Nikasoma Ayatul Kursiy kwenye maji, akanywa, mengine nikampaka kooni. Wapi! Nikampigia yule bibi mara kumi na moja. Hapokei. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kichina changu cha sokoni, simu inalia tu upande wa pili. Niliogopa, ndiyo, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Hasira na bei nusu ya nusu iliyonitoa mate. Hasira na dakika zangu mbili.

Saa ya isha ujumbe wa yule bibi ukaingia. Augustin akausoma polepole, mara mbili, kabla ya kunitafsiria. Alikuwa ameshika msalaba wa shingoni mwake.

"Mama, anasema weye njo ulikosa. Bao banagonga juu ya kumuambia apishe njia. Habamuombe ruhusa. Weye ulimuomba ruhusa. Ulimufanya mwenye nyumba."

"Nani?"

"Mutu moja. Alipoteza yote ku casino, akarudia mu ile chambre. Zaidi ya ile hataki kusema." Akashusha sauti. "Anasema ule mutu hana kitu hata kimoja. Hana hata sauti. Na weye ulitaka jibu. Sasa akachukua ya mutu wa karibu."

Swalha alikuwa anasikiliza. Aliinamisha kichwa, akaanza kulia bila mlio, na sijawahi kuona kilio kibaya kama kile.

"Muulize tufanye nini."

Akaandika. Jibu likaja mara moja.

"Mulete mutoto kesho. Chambre ni bure."

Maisha yangu yote nimepigania bei. Ile ndiyo bei ya kwanza kunitia baridi.

Lakini ningefanya nini, wewe ungefanya nini? Viza inakwisha na sauti ya mtoto iko Makau. Asubuhi tukapanda basi, mimi na yeye. Mpakani foleni ilitumaliza, askari anamuuliza Swalha jina, mimi namjibia, anang'aka kwamba ajibu mwenyewe. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba koo linauma. Hadi tunafika kwenye ile nyumba, jua linazama tena, makasino yamewaka kila rangi, na chini dirishani mwa duka la rehani saa za watu zimepangwa safu kwa safu.

Bibi alitupokea bila salamu. Alituongoza kwenye zulia lile lile. Kwenye mlango wa mwisho akanyoosha kidole: huyu aingie, wewe baki.

"Haingii peke yake," nikasema.

Bibi akatikisa kichwa. Bu yao. Hataki.

Nikamshika Swalha mkono. Akanibana vidole, kisha akavitoa kimoja kimoja. Bibi akagonga. Ko. Ko. Ko. Mlango ukafunguka, mwanangu akaingia kwenye giza, mlango ukafungwa.

Nilisikiliza.

Maji yanatiririka bafuni...

Kitanda kinalia, kama mtu mzito ameinuka...

Kisha wanaongea. Wanaongea! Sauti moja tu, ya Swalha, inauliza na kujijibu, chini chini, haraka haraka, kama wateja wawili wanaopatana bei. Maneno sikuyapata. Nilisukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Nikaupiga mateke. Bibi alinitazama tu huku anachezea funguo zake.

Mlango ukafunguka wenyewe. Swalha akatoka, jasho linamtoka.

"Mama mdogo," akasema. "Twende."

Kwa mdomo wake. Nilimkumbatia nikalia kama mjinga. Hatukulala mle, thubutu! Tulikaa mkahawani hadi wakafunga, halafu kituo cha basi, na mpaka ulipofunguliwa tukavuka. Njiani nikamuuliza mlikuwa mnasema nini mle ndani.

"Kunipa hakutaka," akasema. "Tumekubaliana kutumia wote."

Nikamwambia anyamaze, asirudie maneno hayo, na simtaji tena huyo mtu.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Kontena limepakiwa bandari ya Huangpu, Swalha anapatana na malaoban, wenye maduka wa Shisanhang, hadi wanamwita dada, anakula, anacheka, anasali. Dada yangu akipiga simu wanaongea saa nzima, na mimi sijamwambia kitu. Nilijipa moyo kwamba yamekwisha.

Juzi, wakati wa magharibi, tulikuwa tunakula. Swalha ana tonge la wali mdomoni. Namtazama, anatafuna, midomo imefumbwa.

"Karibu," ikasema sauti yake.

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Hakuna aliyebisha. Swalha aliacha kutafuna. Alinitazama, macho yamemtoka, akatikisa kichwa pole pole kuniambia si yeye.

"Karibu ndani," ikasema tena, kwa furaha, kama anayempokea mgeni aliyengojewa siku nyingi. "Pita, pita. Tupo."

Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Chini ya kiganja midomo yake haikusogea, na bado sauti iliendelea kukaribisha.

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo mwenyewe.

Na pale kizingitini, ndani ya nyumba, nikasikia mtu anavua viatu. Cha kwanza... kisha cha pili.