Kengele ya Baseme

"Fukuza uyu imbwa," Isidore akasema, mkono bado kwenye bakuli la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. "Iko naniangalia tangu niingie."

Nikamjibu kwamba mbwa aliingia nyumba hii kabla yake. Akacheka, ila ugali hakuumaliza. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa Baraka, mwaka 1956. Padri alikuwa ametangaza ndoa yetu kanisani mara mbili. Kesho yake ingekuwa mara ya tatu na ya mwisho, halafu mimi, mjane wa Bonaventure, ningekuwa mke wa Isidore, rafiki yake.

Baseme ni mbwa wa kuwinda, wa wale wasiobweka. Majirani walitucheka kwamba tunalala na mbwa ndani na kumpa samaki kabla ya wageni. Bonaventure akamwita Baseme, yaani wao waseme tu, wakichoka watanyamaza. Mbwa huyo ameiba ndagala za mama mkwe, ameleta viroboto kwenye kikwembe changu, kitenge cha arusi, na nilimpenda hivyohivyo. Kwa kuwa habweki, porini huvaa shingoni kengele ya mti, mwindaji amfuate kwa sauti.

Miezi minane kabla ya hapo, Bonaventure na Isidore walikwenda kuwinda mlimani, juu ya Kilembwe. Akarudi Isidore peke yake, akimvuta Baseme kwa kamba, kengele mkononi. Alisema nyati amemuua Bonaventure na mwili umeporomokea korongoni. Alilia kuliko mimi. Alinitengenezea paa, akanichotea maji, na niseme ukweli, moyo ulianza kumzoea. Padri alipotaka shahidi wa kifo, aliyeapa ni yeye.

Lakini tangu tangazo la kwanza, kengele ile ilikuwa ikilia. Ilikuwa imening'inia ukutani, hakuna upepo wala mkono, nayo ko, ko, ko, kila mchana jua likiwa kichwani. Kila mara Baseme aliinuka, akasimama mlangoni akitazama mlima, mkia ukicheza jinsi alivyokuwa akimpokea Bonaventure. Nilikuwa naogopa hata kuitazama.

Na Jumamosi ile, Isidore akiwa anakula, ikalia tena. Bakuli likamponyoka.

"Umeisikia?" nikamuuliza.

"Sikusikia kitu."

Nikaitungua. Kwa uchungu, sikuwa nimeigusa tangu Isidore alipoitundika pale. Nikaitikisa: kimya. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichoshindiliwa kwa kidole, cha maua mekundu. Nilikichana mwenyewe kutoka kikwembe changu asubuhi ya safari. Kila mke wa mwindaji anajua: njiani kengele huzibwa ili wanyama wasisikie, na huzibuliwa pale tu mbwa anapoachiwa awinde, kitambaa kikatupwa hapohapo.

"Isidore, uniambie tena vile alikufa."

"Anasta, nilikuambia mara ngapi? Baseme alikuwa nakimbiza nyati. Bona akafuata kengele. Nyati ikamugeukia."

"Alifuata kengele gani?"

Nikamwinulia kengele aone ndani.

"Iyi iko na kitambaa ndani. Mi njo nilikipasua. Hamukufika hata kuwinda."

Baseme akaja polepole, akamwekea kidevu kwenye goti. Hakung'ata, hakunguruma. Isidore akaanza kusema.

"Alianguka ku shimo ya mutego, ile ya zamani. Muguu ikavunjika. Akaniomba kamba."

"Na kamba ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ile njo nilifunga nayo imbwa."

Nikamvuta Baseme kwangu.

"Alikuwa naita," akaendelea, "jina yako, hapana yangu. Mi nilikupenda mbele yeye akuoe, Anasta."

"Ilikuwa saa gani?"

"Muchana."

Hakukimbia. Shemeji yangu Fabien alikuja na wanaume, wakampeleka Fizi, kwa serikali. Mimi nikatoa kitambaa, nikamvalisha Baseme kengele. Alishika njia ya mlima bila kugeuka, nasi tukafuata sauti yake. Siku ya tatu akasimama ukingoni mwa shimo lililofunikwa na majani.

Tukaitoa humo mifupa ya mume wangu, tukaishusha nyumbani. Padri hakutangaza ndoa, alisoma misa ya wafu. Baseme akalala juu ya kaburi, hata ndagala akazikataa. Nilikaa chini karibu naye, nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikamvua kengele, nikakishindilia kitambaa ndani kwa kidole, kama alivyofanya Bonaventure, nikaitundika mahali pake.

Haijalia tena. Mchana ukifika Baseme amelala zake mlangoni, na mimi ndiye ninayesikiliza.